Uliza Wanaponunua Vitanda

Mgeni mwenye mapenzi na mbao akifika Bujumbura na kuuliza hotelini aonyeshwe kazi za miti, aghalabu ataelekezwa kwenye vibanda vya vinyago na vingoma vya kupamba rafu. Atanunua kimoja, atashukuru, atapanda ndege. Seremala wa Bujumbura atakuwa hajamwona, wala harufu ya karakana yake hajaipata. Lipo swali jingine la kuuliza, jepesi mno hata wasafiri hawalikumbuki: watu wa hapa wakitaka kuoa, kitanda wananunua wapi?

Uliza hivyo Dar es Salaam, utapelekwa Keko. Nairobi watakutajia Gikomba, au watakwambia ufuate Ngong Road, ambako makabati na meza hupangwa kando ya barabara. Kampala ni Nsambya kwa samani na Ndeeba kwa mbao zenyewe. Bujumbura nimewauliza madereva wa teksi, wauza maandazi, na bibi mmoja aliyekuwa akimtafutia mjukuu wake kabati, na jina lililorudi mara kwa mara ni Jabe.

Kwa nini nikiamini kitanda kuliko kinyago? Kinyago cha kibandani huuzwa kwa mtu asiyerudi. Kitanda huuzwa kwa jirani, na kikianza kulia baada ya miezi mitatu jirani huyo atarudi, tena hatarudi peke yake. Fundi wa vitanda hukaguliwa kila usiku na watu wanaomjua kwa jina la baba yake. Kazi ya namna hiyo ina ukweli ambao msafiri hawezi kuupata kwenye kabati la kioo, na ndiyo maana naanzia hapo kila ninapofika mji nisioujua.

Jabe ni mtaa wa upande wa Bwiza, karibu na Buyenzi, katika ile sehemu ya Bujumbura ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya barazani na sokoni tangu mji ulipoitwa Usumbura. Kwa msomaji wa sura hii hiyo ni neema. Huhitaji mkalimani wala mtembeza watalii. Utasalimia, utaitikiwa, na baada ya dakika chache utaulizwa umetoka wapi na kama huko kwenu mvule bado unapatikana. Soko la Jabe lilizidi kujaa watu baada ya soko kuu la mji kuteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013, wafanyabiashara wengi walipotawanyika kutafuta riziki katika masoko ya mitaani. Lakini usiishie sokoni kwenye nguo na vyombo. Zunguka kwenye vichochoro, fuata mlio wa msumeno, angalia chini: mahali maranda yanapoanza kuchanganyika na vumbi la njia, umefika.

Karakana ya kawaida ni nguzo nne, mabati, na benchi moja nzito iliyojaa makovu ya patasi. Vitanda visivyopakwa vanishi vimesimamishwa kwa ubavu ukutani. Mbele, nje kabisa, kuna kitu ambacho wapita njia hawakitazami na mimi hukitazama kabla ya vyote: mifupa ya makochi. Kochi likiwa bado halijavishwa sponji na kitambaa, utaona kila siri ya fundi. Utaona kama pembe zimeshikwa na vipande vya mbao vya pembetatu au zimepigiliwa misumari tu. Utaona mkalitusi uliopasuliwa jana na bado una maji, au ubao wa zamani uliotolewa kwenye paa la mtu. Fundi mwaminifu na fundi mjanja hutengana hapa, kabla kitambaa cha maua hakijawafunika wote wawili. Mtu akikuruhusu uangalie makochi yake yakiwa uchi, amekupa heshima, mshukuru.

Kisha nenda kwa wauza mbao, maana huko ndiko nchi nzima ya Burundi, na sehemu ya Kongo, imelazwa vipande vipande. Mbao za nyanda za juu ndizo nyingi. Mkalitusi ni mzito na mgumu, na una tabia ya kupinda na kupasuka usipokaushwa kwa subira. Msonobari ni mwepesi, una vifundo vingi, na unanuka utomvu. Grevilea, mti wa asili ya Australia unaopandwa mashambani katikati ya mazao, ndio ninaoupenda kuliko yote ya bei nafuu. Ukipasuliwa kutoka kiini kuelekea ganda, uso wa ubao huonyesha mabaka yanayometameta mfano wa magamba ya samaki. Ukipasuliwa kwa njia nyingine, mabaka hayo hupotea na ubao unakuwa wa kawaida tu. Mwombe muuzaji akuonyeshe mbao mbili za gogo lile lile zilizopasuliwa tofauti. Wengi hawajawahi kuombwa jambo hilo na mgeni, na watalifanya kwa furaha.

Mbao za thamani husimamishwa ndani, mbali na jua. Nyingi hutoka ng'ambo. Libuyu, nyekundu ya kahawia, nyuzi zake hupanda na kushuka kwa zamu, hivyo mistari iliyokuwa myeusi hugeuka kuwa myeupe ukiuzungusha ubao mbele ya mwanga. Mvule huanza na rangi ya manjano, kisha mwaka hadi mwaka hugeuka kahawia iliyokolea. Fundi mmoja alinionyesha ulimi wa randa yake uliomeguka kama kucha ya mkono, akasema ni kazi ya mvule. Nilidhani alipiga msumari. Sivyo: ndani ya mvule mara nyingine hukaa jiwe hasa, chokaa iliyoganda katika jeraha la mti, na kwa nje huoni dalili. Mpasuaji hulijua msumeno unapotoa cheche. Alikuwa amelitunza jiwe lile kwenye kopo la misumari, dogo kuliko njugu, na akaniwekea kiganjani.

Mafundi wa Jabe hawahitaji redio kujua hali ya mpaka wa Kongo huko Gatumba. “Gatumba pakifungwa,” aliniambia muuza mbao, “libuyu inapanda jioni ile ile, na sisi tunarudi kwenye grevilea.”

Sasa kitanda chenyewe. Kitanda cha heshima kina matendegu manne, mifumbati miwili ya ubavuni, na vitakizo viwili vya kichwani na miguuni. Chaga hulala juu kushika godoro. Mahali pote pa hatari ni pale mfumbati unapokutana na tendegu. Nilikaa na mzee mmoja alipokuwa akikitengeneza kiungo hicho, na kama ungekuwa na saa moja tu ya kukaa Bujumbura ningekushauri uitumie hapo. Alichora kwanza kwa ncha ya msumari, si kwa penseli, kwa sababu mchoro wa msumari hukata nyuzi na patasi hupata mahali pa kukaa bila kuteleza. Akachimba tundu kutoka upande mmoja hadi katikati, akaligeuza tendegu, akachimba kutoka upande wa pili mpaka matundu yakakutana. Akitoboa moja kwa moja, ubao humeguka upande wa kutokea. Kila baada ya mapigo machache aliingiza kidole tunduni mle na kukizungusha, akipapasa kuta ambazo jicho haliwezi kuziona.

“Mzee, kwa nini usipigilie msumari ukamaliza?” nilimuuliza.

“Msumari unashika leo, mwanangu. Kitanda kinatikiswa kila siku, na msumari ni chuma, mti ni mti. Havivimbi pamoja, havinywei pamoja. Ulimi na tundu ni ndugu wa mti mmoja. Mvua ikija vinavimba vyote.”

Akaupachika ulimi wa mfumbati, ukaingia nusu ukakwama. Akautoa, akatazama mahali palipong'aa kwa msuguano, akapunguza hapo kwa patasi kiasi cha unyoya, akaurudisha. Safari hii uliingia kwa nyundo ya mti, pigo moja baada ya jingine, na sauti ya mapigo ilibadilika kutoka ya wazi hadi ya kujaa ulipofika mwisho. Mwanafunzi wake, kijana aliyekuwa akipiga msasa upande wa pili, alinyanyua kichwa aliposikia sauti ile. Hakuna aliyemwambia kitu. Kufundishwa kwake, sehemu kubwa, ni kusikiliza namna hiyo.

Umeme ukiwapo, mbao hupelekwa kwenye mashine ya kuranda ya jirani na mafundi hulipia kila ubao. Umeme ukikatika, foleni hutawanyika na randa za mikono hutoka kwenye masanduku. Kwa fundi hiyo ni hasara, tena kubwa, na sipendi kusikia msafiri akiifurahia. Lakini ukikutwa hapo siku kama hiyo, kaa. Utaona mwili wote wa mtu, kuanzia unyayo hadi bega, ukiisukuma randa kwa mwendo mmoja mrefu na randa likitoka jembamba, refu, limejikunja. Utaelewa pia kwa nini kabati lililorandwa kwa mkono lina uso ambao mashine haiwezi kuutoa.

Adabu za karakana si ngumu. Salimia kwanza walio wakubwa, hata kama anayekuvutia ni kijana mwenye msumeno. Usiruke mbao zilizolazwa, zizunguke. Usimsemeshe mtu aliye kwenye msumeno wa mashine mpaka aizime. Usishike patasi ya mtu bila ruhusa, na ukipewa, usiijaribu makali kwa kucha mbele yake. Picha omba, na ukikataliwa usiulize sababu. Na usianze na bei. Anza na mti: “Huu ni mti gani, mzee?” Sijawahi kukutana na seremala aliyelichukia swali hilo.

Baada ya Jabe, ubao wenyewe ndio utakaokuongoza. Kazi yako ni kuamua unataka kwenda ulikotoka au unakokwenda.

Ulikotoka ni juu. Barabara ya kwanza ya taifa hupanda kutoka Bujumbura kwa kona nyingi hadi Bugarama, na hewa hubadilika kabisa: ukungu, chai, mikalitusi iliyopandwa kwa mistari. Ng'ambo ya mashamba ya chai ya Teza unaanza msitu wa Kibira, hifadhi ya taifa tangu 1980, hekta zipatazo 40,000 kwenye mgongo unaotenganisha maji ya Nile na maji ya Kongo, nao umeungana na Nyungwe ya Rwanda. Humo haukatwi mti wa mbao kwa halali, na nisingependa msomaji wangu anunue ubao anaodhani umetoka humo. Ninakupeleka Kibira uone mti ukiwa umesimama. Umo umuyove, wa jamii moja na libuyu uliyoiona Jabe ikiwa kitakizo cha kitanda. Sisi Watanzania mti huo tunauita mkukusu, na mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopimwa barani Afrika ni mkukusu wa bonde moja la Kilimanjaro: mita 81.5, kwa vipimo vilivyotangazwa mwaka 2016. Mtu aliyekwishapapasa ubao wa libuyu akasimama chini ya umuyove hai atatazama kitanda kwa macho mengine. Atahesabu vitanda, kisha atanyamaza kuhesabu.

Unakokwenda, kwanza, ni kusini, ziwani. Swali la huko ni lile lile, ila badala ya kitanda unaweka chombo: boti zinatengenezewa wapi? Rumonge, yapata kilomita 70 kutoka Bujumbura kwa barabara ya kandokando ya maji, ni mji wa mawese na wavuvi. Wavuvi wa ndagala, dagaa wa Tanganyika, hutumia taa usiku. Wengi huunganisha mashua mbili za mbao kwa miti mirefu, zikaelea sambamba na wavu ukashushwa katikati. Chombo cha mbao ndani ya maji kila usiku hakiishi kuomba fundi. Mbao huoza kwenye mshono, pamba iliyosokotewa humo hulegea, misumari hushika kutu. Jambo la kujua ni hili: mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazivuti samaki, wavuvi hupumzika, na mashua huvutwa ufukweni kutengenezwa. Kwa hiyo panga safari yako ya ziwani kwa kalenda ya mwezi. Ukivuka hadi Tanzania, mambo ni yayo hayo Kibirizi, nje kidogo ya Kigoma, na ufukweni Ujiji, ambako watalii huenda kuangalia mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 na kurudi bila kushuka hadi majini wanakochongewa vyombo. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi ya namna hiyo seremala wa mashua ndiye mwenye kazi.

Na upande wa mashariki, ukipita Muramvya, ipo Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019. Hapa natulia kidogo, maana Gitega ndiko kazi ya mti ya Burundi ilikofika kilele.

Anza na Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1955. Ni nyumba ndogo, na wageni wenye haraka huimaliza upesi. Wewe nenda polepole kwenye vyombo vya nyumbani: vigoda, vinu, vyombo vya maziwa vilivyochongwa kwenye pande moja la mti bila kiungo hata kimoja, mabao ya kuchezea, jamaa wa bao letu. Tafuta umuvure, ule mtumbwi wa kukamulia ndizi za pombe. Angalia ndani yake. Alama za tezo bado zinasomeka, mstari juu ya mstari, na ukifuatilia utajua mchongaji alisimama wapi na alihamia upande gani alipochoka.

Kisha panda Gishora, kilomita chache nje ya mji, kilima cha ngoma kinachohusishwa na mfalme Mwezi Gisabo. Ufalme ulifutwa Novemba 1966, ngoma zikabaki. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Kabla ya hapo dunia ilikwishaisikia: rekodi ya wapigaji wa Burundi ndiyo iliyotiwa ndani ya wimbo wa Joni Mitchell wa mwaka 1975, “The Jungle Line”. Watu huja Gishora kuona wapigaji wakiingia na ngoma vichwani, na wana haki ya kuja. Ni mambo ya kuonekana kwa macho. Ila wewe ni mtu wa mbao. Omba, kabla mapigo hayajaanza, usimame karibu na ngoma iliyotulia.

Mti wake ni umuvugangoma. Kilimanjaro wanauita mringaringa na huupanda kwenye migomba na kahawa kwa kivuli. Hutengenezewa mizinga ya nyuki na samani. Ubao wake ni mwepesi kuliko unavyoonekana, na hauchoshi patasi. Gogo hukatwa likiwa kipande kizima, hutolewa ganda, kisha hukombwa ndani mpaka libaki ukuta tu, na chini hupunguzwa liwe na kiuno na mguu wa kusimamia. Ngozi ya ng'ombe huvikwa mdomoni ikiwa mbichi, ikavutwa na watu zaidi ya mmoja, na kufungwa kwa mambo za mti mgumu zinazogongwa kuzunguka ukingo wote. Hakuna gundi, hakuna chuma. Ngozi hukauka, hujivuta, na kadiri inavyojivuta ndivyo mambo zinavyokazika. Ni elimu ile ile ya mzee wa Jabe: acha kitu kinachotembea kifanye kazi kwa niaba yako. Ngoma ya katikati, inkiranya, huongoza. Amashako hushika mwendo bila kuacha. Ibishikizo huifuata ile ya kuongoza. Ukizigonga kwa vidole pembeni, moja baada ya nyingine, utasikia tofauti ya unene wa kuta.

Swali la Gishora ni la miti. Ngoma moja inahitaji mti mmoja mnene uliokomaa, na mringaringa wa kutosha ngoma hauoti kwa misimu miwili. Waulize wenyeji wanaotunza mahali pale kama wanapanda, na wanapanda wapi. Kwangu jibu la swali hilo lina uzito kuliko onyesho lenyewe, kwa sababu urithi ulioandikwa Paris utategemea miche iliyo Gitega.

Kuhusu pwani sina haja ya kusema mengi, imekwishaandikiwa vitabu. Nitasema tu kwamba kanuni ya kitanda hufanya kazi huko pia. Lamu usitosheke na milango ya mji wa kale. Chukua mashua hadi Matondoni uone majahazi yakiundwa, mkuku ukiwa umelazwa mchangani na mataruma yakiinuka. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ukisimama mbele ya mlango, usianze na njumu za shaba. Anza na mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana, kwa kuwa hapo ndipo mchongaji alipoweka mkono wake bora. Dar es Salaam nenda Mwenge kwa Wamakonde, na Mombasa nenda Changamwe kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba. Sehemu zote hizi mbili utauziwa mpingo. Jua kwamba tangu Januari 2017 mpingo na jamii yake yote imo katika Jedwali la Pili la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kinyago kimoja mkobani ni jambo dogo, mzigo wa biashara ni jambo la vibali. Omba risiti iliyoandikwa jina la mti, na ukague kwamba kweli ni mpingo, maana mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu hauhitaji karatasi yoyote. Lowesha kitambaa cheupe, sugua chini ya kinyago.

Turudi Bujumbura kwa ajili ya ratiba. Jumamosi asubuhi ni wakati wa kazi za jumuiya nchi nzima. Maduka na karakana hufunguliwa zikiisha. Ijumaa adhuhuri mafundi Waislamu wa mitaa hii wako msikitini. Siku nzuri kuliko zote kwa maoni yangu ni Jumamosi mchana, kwa kuwa ndipo wenye harusi wanapokuja kuchukua mali yao na karakana nzima husimama kukagua.

Na kama una siku kadhaa mjini, fanya hivi: siku ya kwanza agiza kigoda. Usinunue kilicho tayari. Chagua ubao mwenyewe kwa muuza mbao, ikiwezekana grevilea yenye mabaka, ubebe begani hadi kwa fundi uliyempenda, elewaneni bei na toa malipo ya awali. Tangu hapo wewe si mgeni anayezubaa mlangoni. Wewe ni mwenye mali, na una sababu ya kupita kila jioni kuuliza imefika wapi. Utaona miguu ikikatwa, utaulizwa unataka ulimi utokeze juu ya kikalio au ujifiche. Sema utokeze. Utaona ukigawanywa kwa msumeno mdogo na kabari ikipigwa katikati yake ili upanuke ukaze tundu, na vipande vya pembeni vya ubao wako, ambavyo ni vyako kwa haki, fundi atakuuliza kama unavichukua. Mwachie mwanafunzi. Kabari za kigoda kijacho hutoka humo.